Somo: Jaribio la kuzuia kosa la ulizo la Django lisirudi

Msimu mmoja nilitengeneza kwa Django, fremu ya Python ya kujenga tovuti, mfumo wa chama cha wakulima upande wa Masaka. Wanachama wanaleta kiboko, yaani robusta iliyokaushwa na maganda yake, karani anapima na kuandika kilo. Katikati ya msimu, mtu akibanwa na ada ya shule, anapewa malipo ya awali. Ripoti ilikuwa na safu mbili tu, jumla ya kilo na jumla ya fedha. Mzee mmoja akaitazama karatasi yake, akaniuliza, "Kijana, hizi kilo ni zangu pamoja na za jirani?" Zilikuwa mara mbili. Nikarekebisha siku hiyohiyo. Miezi michache baadaye mwenzangu akauona ule msimbo mrefu, akaufupisha kwa nia njema, na kosa likarudi vilevile. Hakuna jaribio, yaani msimbo unaokagua msimbo mwingine, lililopiga kelele kwa sababu sikuwa nimeandika hata moja. Lawama ni yangu, si yake.

Hatua ya 1: toa ulizo kwenye view

Ulizo, yaani swali kwa hifadhidata, likiwa limefichwa kwenye view, ule msimbo unaotengeneza ukurasa wa ripoti, huwezi kulijaribu peke yake. Liweke kwenye QuerySet yako (darasa la Django linalobeba maulizo), kisha kwenye modeli andika `objects = MwanachamaQuerySet.as_manager()`. Hili ndilo lililoniponza:

```python
class MwanachamaQuerySet(models.QuerySet):
    def na_jumla(self):
        return self.annotate(
            jumla_kilo=Sum("mapokezi__kilo"),
            jumla_malipo=Sum("malipo__kiasi"),
        )
```

Linasomeka vizuri kabisa, na ndiyo hatari yake. Ukichapisha `.query` ya matokeo utaona majedwali mawili yameungwa kwa mpigo. Kila pokezi (mzigo mmoja uliopimwa) linakutana na kila malipo: mapokezi 3 kwa malipo 2 yanazaa mistari 6, basi kilo zinahesabiwa mara mbili na fedha mara tatu. Si siri, Django wana tiketi (ripoti ya kosa) namba 10060 ya jambo hili tangu 2009, na nyaraka zao zinaonya.

Hatua ya 2: data iwe na sura ya kosa

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Ukimpa mwanachama wa jaribio pokezi moja na malipo moja, ulizo bovu na ulizo zima vitatoa jibu lilelile, nawe utalala usingizi mnono huku ripoti ikidanganya. Weka zaidi ya moja pande zote mbili:

```python
class JumlaTest(TestCase):
    @classmethod
    def setUpTestData(cls):
        cls.m = Mwanachama.objects.create(jina="Kato")
        for kilo in (80, 80, 50):
            Pokezi.objects.create(mwanachama=cls.m, kilo=kilo)
        for kiasi in (200000, 100000):
            Malipo.objects.create(mwanachama=cls.m, kiasi=kiasi)

    def test_jumla_hazizidishwi(self):
        m = Mwanachama.objects.na_jumla().get(pk=self.m.pk)
        self.assertEqual(m.jumla_kilo, 210)
        self.assertEqual(m.jumla_malipo, 300000)
```

Zile 80 mbili nimeziweka makusudi. Sababu iko kwenye swali la kwanza hapo chini. Na hiyo 210 nimeijumlisha kwa kichwa. Usikokotoe jibu kwa `Sum` nyingine ndani ya jaribio, maana hapo unamwomba mshtakiwa ajitolee ushahidi.

Hatua ya 3: liache lianguke kwanza

Endesha jaribio kabla ya kugusa ulizo. Unataka kuona hii:

```
AssertionError: 420 != 210
```

Likipita kwa mara ya kwanza, usishangilie. Rudi kwenye data.

Hatua ya 4: sasa rekebisha

Kila jumla ihesabiwe kwenye ulizo lake dogo, kabla majedwali hayajakutana:

```python
kilo = (
    Pokezi.objects.filter(mwanachama=OuterRef("pk"))
    .values("mwanachama")
    .annotate(j=Sum("kilo"))
    .values("j")
)
return self.annotate(jumla_kilo=Coalesce(Subquery(kilo), 0))
```

Fanya vivyo hivyo kwa malipo. `Coalesce` ipo kwa ajili ya mwanachama ambaye hajaleta kitu: bila hiyo atapata `None`, si sifuri. Yeye naye mwandikie jaribio lake, mistari mitatu inatosha. Kisha weka maoni juu ya ulizo yanayotaja jina la jaribio, ili anayetaka kufupisha ajue nini kitamwangukia.

Maswali ya wanachama wa kikundi cha somo hili

*Mwanachama wa Jinja:* Mwalimu, mbona usiongeze tu `distinct=True` ndani ya `Sum`? Mimi nafanya hivyo kwenye `Count` na inakubali.

*Jibu:* Kwenye `Count` inakubali kwa sababu unahesabu funguo, na kila ufunguo ni wa pekee. Kwenye `Sum` inatupa thamani zinazofanana. Mkulima aliyeleta kilo 80 mara mbili atahesabiwa 80 moja, na jumla itakuwa 130. Ndiyo maana ya zile 80 mbili: zinakamata kosa, na zinakamata pia dawa bandia ya kosa.

*Mwanachama wa Arua:* Seva yetu ni PostgreSQL, ila majaribio nayaendesha kwa SQLite kwa sababu ni mepesi. Kuna ubaya?

*Jibu:* Upo, ndugu yangu. Tafuta `jina__contains="kato"`. SQLite haijali herufi kubwa na ndogo hapo, itakuletea Kato na Nakato. PostgreSQL inajali, itakuletea Nakato peke yake, na Kato utamtafuta hadi jioni. Jaribu kwa injini ileile ya seva. Ukichoshwa na kusubiri hifadhidata ijengwe upya kila mara, ongeza `--keepdb`.

*Mwanachama wa Mbale:* Kwetu lori hufika usiku wa manane. Mzigo wa tarehe 1 saa saba usiku unaingia kwenye ripoti ya mwezi uliopita. Nalijaribuje hilo?

*Jibu:* Angalia `TIME_ZONE` kwenye settings. Mradi mpya huanza na UTC, saa ya kimataifa. Saa saba usiku yetu ni saa nne usiku ya jana huko UTC, kwa hiyo kichujio cha `__date` kinakata siku mahali pasipo pake. Weka `Africa/Kampala`, kisha tengeneza pokezi la `datetime(2024, 11, 1, 1, 0, tzinfo=ZoneInfo("Africa/Kampala"))` na udai lionekane Novemba. Angalizo: kama uga wako una `auto_now_add`, tarehe utakayoipa `create` itapuuzwa kimyakimya. Unda kwanza, halafu ibadilishe kwa `update`. Mimi hilo lilinila mchana mzima.

*Mwanachama wa Mbale:* Kumbe! Lina `auto_now_add` kweli. Asante ssebo, ngoja nijaribu.