Kijivu hiki au kile: kupima rangi mbili zinazofanana

Dukani utaapa kadi zote mbili ni kijivu kimoja. Ukutani moja inaingia ukijani, nyingine inaelekea waridi. Rangi hiyo iliyojificha ndani ya kijivu ndiyo ya kuamua.

1. Ziweke kadi pamoja juu ya karatasi nyeupe pe. Usiziweke ukutani, ukuta wa zamani una umanjano wake na utakupoteza.

2. Geuza kadi utafute namba ya LRV, yaani kiasi cha mwanga ambacho rangi hurudisha: 0 ni nyeusi, 100 ni nyeupe. Zikikaribiana, 52 na 55 tuseme, usihangaike na mwangaza.

3. Paka hadibodi mbili kubwa, mara mbili kila moja, ukiacha ukingo mweupe. Zikauke kabisa. Rangi ya maji ikiwa mbichi hudanganya.

4. Sasa zitembeze, na hapa usiwe na haraka. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni vyembamba kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na mwanga hutoka kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, ukiwa umeshagonga ukuta wa chokaa. Kijivu kinachopendeza karibu na kiwanda, ndani kabisa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, chaweza kuwa tope. Zisimamishe wima, zitazame asubuhi, adhuhuri na baada ya Magharibi.

5. Taa kwanza, rangi baadaye. Balbu ya 2700K (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga) ina umanjano, ya 6500K ina ubuluu, na kijivu hufuata balbu.

Maswali

Fundi, sakafu yangu ni saruji nyekundu. Nichukue ipi?
Yenye ukijani, dadangu. Wekundu wa sakafu hupanda ukutani, na ile ya waridi itazidi uwaridi.

Niko Malindi, ukuta ni wa mawe ya matumbawe na unatoa chumvi. Nipake ipi kati ya hizo mbili?
Hakuna, kwa sasa. Tafuta unyevu unakotoka kwanza. Rangi ya plastiki itaufungia ndani, ivimbe na kubanduka. Ukuta kama huo unataka chokaa, ambayo unaweza kuitia rangi. Ila ikikauka hupauka sana, basi pima kipande kikavu.

Nimezitazama mchana na usiku, bado naona ni moja.
Chukua ya bei nafuu.