Kupinga hoja kwenye kikao cha bodi

Ukijua utapinga hoja, andika mapema mambo matatu tu: unachokiona, namba inayokithibitisha, unachoomba. Mfano: "Marejesho ya mkopo huu yatakula theluthi ya mapato ya mwezi, naomba tusubiri hesabu za robo mwaka." Usianze kwa kuomba radhi. Mpigie mwenyekiti siku moja kabla, maana akishtukizwa mbele ya watu atajihami hata kama anakubaliana nawe. Kikaoni, zungumza miongoni mwa wa kwanza. Ukingoja, wenzako watakuwa wameshajifunga kwa maneno yao na wataona aibu kugeuka. Maelezo marefu ndiyo huua hoja: watu hudaka kipengele dhaifu, wakajadili hicho. Ukishindwa kwa kura, omba pingamizi lako liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.