Namna ya Kudai Huduma Bora kwa Watu Wazima Wenye ADHD

Kampeni nyingi za ADHD, yaani hali ya ubongo inayomfanya mtu apate shida kumakinika, kutulia au kujizuia, hukwama kwa sababu zinaomba "uelewa". Hakuna afisa anayekataa uelewa. Atawapokea vizuri, atapiga picha nanyi, na mwaka utakwisha bila kliniki hata moja kufunguliwa. Dai lenye nguvu hutaja mwenye mamlaka ya kuamua, kitu anachoweza kukitia saini, na tarehe.

Tafuteni njia inakatikia wapi

Mtu mzima mwenye ADHD anatakiwa asikilizwe na mhudumu wa kwanza, apimwe na mtaalamu, apate tiba, kisha afuatiliwe, maana anayetumia dawa za ADHD huhitaji kuangaliwa mapigo ya moyo, shinikizo la damu na uzito. Kila hatua ina mkubwa wake. Mwanya wa kawaida uko kwenye umri wa miaka 18: kliniki ya watoto inafunga faili, na upande wa watu wazima hakuna wa kulipokea. Basi daini mganga mkuu wa hospitali atoe utaratibu wa maandishi wa kuwahamisha vijana, unaoanza kabla hawajatimiza miaka 18 na unaomtaja daktari atakayewapokea.

Chagueni mwanya mmoja. Kundi linalopeleka madai tisa kwa mpigo humpa afisa nafasi ya kuchagua lile jepesi kuliko yote, nalo kwa kawaida ni kuchapisha vipeperushi.

Kusanyeni tarehe

Mkiuliza "uliridhika na huduma?" mtapata malalamiko yasiyopimika. Ulizeni: lini ulimweleza mhudumu kwa mara ya kwanza? Lini ulipewa rufaa? Lini ulipimwa? Lini ulianza tiba? Katika miezi 12 iliyopita, ni mara ngapi ulikwenda na cheti cha daktari ukaikosa dawa? Maswali 10 yanatosha. Dodoso refu huachwa katikati, hasa na watu mnaowahitaji zaidi.

Mnapokokotoa muda wa kusubiri, msitegemee wastani. Watu wachache waliosubiri miaka mingi wataupandisha, na mchumi wa wizara atauona udhaifu huo mara moja. Pangeni majibu kutoka dogo hadi kubwa, mchukue la katikati. Kama waliojibu ni 140, andikeni "kati ya watu 140 waliojibu", kamwe si "watu wazima wote wenye ADHD", kwa kuwa mliowafikia ni wale wanaopatikana kwa simu na wanaojua tayari kwamba wana ADHD. Majina msiyachukue. Pale ambapo watu chini ya watano wametoa jibu fulani, msilichapishe pamoja na eneo au mahali pa kazi. Mwajiri anaweza kumtambua mtu, na huyo ndiye atakayelipa gharama ya kampeni yenu.

Kwa makadirio ya wahitaji, uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali uliochapishwa 2021 ulipata asilimia 2.58 ya watu wazima kwa ADHD iliyoanzia utotoni, na asilimia 6.76 kwa wenye dalili bila kujali zilianza lini. Tumieni ile ndogo. Ndiyo inayoendana na vigezo vya uchunguzi. Mkishika kubwa mtaambiwa mnatia chumvi, na mtakuwa hamna jibu.

Pingamizi mtakazokutana nazo

"Hayo ni mambo ya watoto." DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili uliotolewa 2013, una kigezo cha watu wazima waziwazi: kuanzia miaka 17, dalili 5 za kundi moja (kutomakinika, au kutotulia na kutenda bila kufikiri) zinatosha badala ya 6, mradi baadhi zilionekana kabla ya miaka 12.

"Watu watakuja kutafuta dawa za kulevya." Msiipuuze hofu hii, kwani dawa hizi kweli zinaweza kutumiwa vibaya. Pendekezeni uchunguzi makini: mahojiano marefu, maelezo ya ndugu au ripoti za shule za utotoni, na uthibitisho kwamba dalili zinamsumbua mtu katika mazingira mawili au zaidi. Dodoso la ASRS, ambalo mtu mzima hulijaza mwenyewe kuhusu dalili zake na lina maswali 18, huonyesha nani apelekwe kwa mtaalamu, halithibitishi ugonjwa.

"Shirika la Afya Duniani liliikataa dawa hiyo." Ni kweli kwamba maombi ya kuiingiza methilifenideti, dawa inayotumika sana kutibu ADHD, kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu yalikataliwa 2019 na 2021. Jibuni kwamba orodha ile ni mwongozo tu, na kila nchi hutunga yake.

Dawa zinapokosekana

Hapa ndipo madai mengi hupotea njia, kwa sababu lawama humwangukia mfamasia. Methilifenideti imo katika Jedwali la Pili, moja ya orodha za dawa zinazodhibitiwa, la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Nchi huwasilisha makadirio ya mahitaji yake ya kitabibu kwa Bodi ya Kimataifa ya Kudhibiti Dawa za Kulevya, na huombwa kuyapitia upya angalau kila miaka mitatu. Kama makadirio yaliandikwa wakati watoto pekee wanahesabiwa, dawa itapungua hata mkiongeza madaktari. Iandikieni mamlaka ya dawa: makadirio ya mwisho yalifanywa lini, na yalihesabu watu wazima wangapi?

Kikao na kinachofuata

Barua iwe ukurasa mmoja, ifike wakati bajeti bado inaandaliwa. Ingieni watatu: msemaji, mwandishi wa kumbukumbu, na mtu anayeishi na ADHD ambaye ameamua mwenyewe atakachosema na ana ruhusa ya kubadili mawazo hadi dakika ya mwisho. Ndani ya saa 24 mtumieni afisa muhtasari wa alichoahidi. Akikataa, ombeni sababu kwa maandishi. Bila hizo hamna cha kukatia rufaa.

Wanakampeni wenu wengi watakuwa na ADHD wenyewe, hivyo pangeni kazi kwa namna inayowafaa: kila kazi isizidi saa moja, iwe na tarehe yake, na ishikwe na watu wawili. Kazi ya mtu mmoja hodari husimama siku akichoka.

Kliniki ikifunguliwa, daini itangaze muda wa kusubiri kila baada ya miezi mitatu. Kliniki mpya hujaa upesi, na pasipo takwimu hizo foleni itarudi bila yeyote kuwajibika.