Opampu ya transista kwenye miksa ya zamani: kuipima, kuichora, kuiponya

Chaneli moja ikifa huku nyingine zinaimba, pasi ya lehemu isubiri. Pima kwanza umeme kwenye soketi ya opampu, yaani kile kipande kidogo cha kuchomeka kinachokuza sauti ya chaneli. Opampu ya API 2520, kwa mfano, hutaka volti +16 na −16. Umeme ukiwa sawa, badilishana na opampu ya chaneli jirani. Ugonjwa ukihama nayo, umempata mgonjwa.

Ukiwa umeichomoa, weka mita kwenye kipimo cha dayodi, pima toka pini ya kutolea kwenda kila pini ya umeme, huku na huku. Ikisoma karibu sifuri pande zote mbili, transista ya mwisho imeshoti.

Isiposhoti, iwashe mezani kwa umeme unaozuia mkondo usizidi milliampia 50. Ingizo chanya lipeleke graundi kwa rezista ya kilo-omu 1. Toka pini ya kutolea hadi ingizo hasi weka kilo-omu 10, na toka ingizo hasi hadi graundi kilo-omu 1. Usiunganishe pini ya kutolea na ingizo hasi moja kwa moja: ikikwama kwenye +15, kwenye jozi ya mbele (transista mbili zinazopokea maingizo) ile ya ingizo chanya inapata volti za kinyume nyingi kuliko besi yake, mguu wa kuiongoza, inavyovumilia, na hata ikipona itabaki na kelele. Kwa mpangilio huu ingizo hasi linaona volti 1.4 tu.

Hapo ndipo penye siri. Chukua jozi ya transista za aina ya NPN, pini ya kutolea imekwama juu. Transista ya ingizo hasi lazima isome volti 0.6 kati ya besi na mguu wa emita, mwenzake chini ya sifuri. Wakisoma hivyo, jozi inapiga kelele "shuka!" na hakuna anayesikia, kosa liko baada yake, kwenye transista ya kukuza volti au za kutolea. Wasiposoma hivyo, mshukiwa wa kwanza ni jozi yenyewe.

Badilisha wote wawili, waliolingana ndani ya milivolti 2 kwa mkondo uleule. Usiwashike kwa vidole unapopima: nyuzi 1 ya joto huhamisha takriban milivolti 2, na asubuhi ya Moshi si mchana wake. Kisha wabane wagusane. Ukiweka transista ya BC550 mahali pa 2N3904, igeuze. Miguu ya kolekta na emita zimebadilishana pande. Wengi huunguza hapo, na moshi unaouona si mji.

Kuchora sakiti: piga picha pande zote mbili, ya chini igeuze kama kwenye kioo, uipandishe juu ya nyingine. Anza na pini za umeme, kisha maingizo. Kapasita ndogo ya pikofaradi iliyopo kwenye hatua ya kukuza ipime, usiikisie. Ikipungua opampu inapiga mluzi usiosikika na kuchemka bure.

Iliyozamishwa kwenye gundi ngumu? Ipashe joto, kwangua kwa kijiti. Kwa opampu moja tu, nunua mbadala.