Mambo matatu mema kila jioni: namna ya kulifanya zoezi hili likufae kazini

Hivi karibuni nilimsaidia mfanyakazi mwenzangu, ambaye kazi yake ni kuandaa ripoti za malipo, kuanza zoezi ambalo mimi mwenyewe nililifanya vibaya kwa wiki tatu kabla ya kulielewa. Zoezi hilo linatokana na utafiti wa mwanasaikolojia Martin Seligman na wenzake uliochapishwa mwaka 2005, ambapo watu waliojisajili kupitia intaneti waliagizwa kuandika, kila usiku kwa wiki moja, mambo matatu yaliyokwenda vizuri pamoja na sababu ya kila moja. Miezi sita baadaye walikuwa bado na furaha zaidi kuliko kundi la kulinganishia, lililokuwa limeandika kumbukumbu za utotoni, na walionufaika zaidi ni wale walioendelea kwa hiari yao. Wengi huyakumbuka mambo matatu na kuisahau sababu.

Hatua ya 1: Jipime. Tumia kipimo cha kuridhika na maisha kilichotungwa na Ed Diener na wenzake mwaka 1985. Kina kauli tano, na kila moja unaipa alama kuanzia 1 hadi 7, kwa hiyo jumla yako itakuwa kati ya 5 na 35. Iandike pamoja na tarehe, kisha usiitazame tena mpaka mwezi uishe. Usijiulize kila jioni kama umeshakuwa na furaha, kwa maana utafiti wa Iris Mauss na wenzake wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kuithamini furaha kupita kiasi kunaweza kumpunguzia mtu furaha yenyewe, hasa pale ambapo mambo yake ni mazuri.

Hatua ya 2: Tafuta daftari. Nasema daftari la karatasi na kalamu. Nimejaribu programu tatu za simu na nimezifuta zote, kwa sababu kila nilipoishika simu ili niandike jambo jema nilikutana kwanza na ujumbe wa kazi.

Hatua ya 3: Andika mambo matatu ya siku hiyo. Madogo yanatosha.

Hatua ya 4: Andika sababu ya kila jambo. Hapa ndipo nilipopotelea wiki tatu. Daftari langu la wakati huo limejaa mistari ya aina ya «kikao kiliisha mapema, kwa sababu kilikuwa kifupi», ambayo ni kusema jambo lile lile mara mbili. Wiki ya pili nilikuwa nanakili tu mistari ya jana, na wiki ya tatu nilikuwa naandika huku nasinzia.

Mwenzangu naye aliangukia shimo la jirani. Jioni ya tatu aliandika kwamba ripoti yake ilipokewa bila kurudishwa, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa muda mrefu, na kwenye nafasi ya sababu akaandika neno moja: bahati. Nilipomuuliza alisisitiza, «Dada, ni bahati tu, siku hiyo mkubwa hakuwa na haraka.» Nikamtaka anieleze ni nani alifanya nini, na lini. Ilichukua muda, lakini mwishowe alikumbuka kwamba siku moja kabla alikuwa amempigia simu mhasibu kumuuliza kiasi kilichokatwa kiingizwe kwenye safu ipi, na kosa la safu hiyo ndilo lililokuwa likimrudishia ripoti zake. Akalikata neno bahati, akaandika: «Nilimpigia mhasibu simu kabla ya kujaza.»

Tangu hapo kanuni yangu ni kwamba sababu isiyo na mtenda wala kitendo haijakamilika. Hata hivyo, kanuni hiyo ina mipaka yake. Mtenda si lazima uwe wewe. Akiwa ni mwenzako, andika alichofanya, na kesho yake mweleze kwa kukitaja kitendo chenyewe badala ya kumwambia asante ya jumla. Zipo pia siku ambazo jambo jema limekuja lenyewe kweli, na hapo andika hivyo uendelee, kwani kujitungia sifa ni kujidanganya. Usiandike kwamba mambo yangeweza kuwa mabaya zaidi, kwa sababu huko ni kuhesabu mabaya kwa njia ya kuzunguka. Daftari hili usimwonyeshe msimamizi wako, wala usikubali ligeuzwe kuwa agizo la ofisi. Mtu anayejua kwamba atasomwa huandika ya kumpendeza msomaji. Tena, zoezi hili si dawa ya mshahara unaocheleweshwa wala ya kunyanyaswa kazini, na mwenye huzuni isiyomwondoka kwa wiki kadhaa amwone mtaalamu wa afya.

Hatua ya 5: Punguza. Baada ya wiki ya kwanza, andika mara moja kwa wiki. Sonja Lyubomirsky na wenzake walikuta kwamba waliohesabu neema zao mara moja kwa wiki walinufaika, ilhali waliofanya hivyo mara tatu hawakunufaika. Maelezo yanayotolewa ni kwamba moyo huzoea haraka, na kilichozoeleka hakigusi tena.

Hatua ya 6: Igeuze sababu moja kuwa mpango. Mwezi ukiisha, zisome sababu peke yake na uchague iliyojirudia. Iandike kwa muundo ambao mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliueleza mwaka 1999, unaofunga kitendo kwenye wakati au tukio maalumu: likitokea hili, nitafanya lile. Mwenzangu aliandika, «Ikifika saa nane mchana siku moja kabla ya kuwasilisha, nitampigia mhasibu na kumsomea safu zote ninazozitilia shaka.» Ukishaandika wa kwako, ndipo urudie kile kipimo cha kauli tano na kuiweka jumla mpya kando ya ile ya zamani.