Kumtumia sungura kumfundisha mtoto mwenye usonji kuomba kitu

Mi ni mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu, nazunguka majumbani. Juzi nimemaliza wiki sita na mama mmoja wa Tabata, mwanae ana miaka sita, ana usonji (autism), haongei, akitaka kitu anakushika mkono anakuburuta mpaka kwenye friji basi. Wazazi wengine wameniuliza tulifanyaje, kwa hiyo naandika mara moja. Sungura hatibu usonji, tusidanganyane, ila anampa mtoto sababu ya kukutafuta wewe.

Hatua ya 1: mnyama
Sungura mkubwa, mpole, aliyezoea kushikwa. Mbwa najua ndo maarufu, Boris Levinson, mwanasaikolojia wa watoto wa New York, aliandika kuhusu kazi yake na mbwa wake Jingles miaka ya 1960, lakini nyumba nyingi za hapa Dar mbwa haingii ndani, na yule wa getini si wa kazi hii hata kama ana chanjo ya kichaa. Paka akichoka anaondoka zake. Kuna utafiti wa Australia uliotoka 2013 walitumia simbilisi, watoto wenye usonji wakaongea zaidi na kutazama nyuso za wenzao zaidi kuliko walipopewa midoli, so hata simbilisi poa ukimpata.

Hatua ya 2: muda
Asubuhi au saa kumi na moja jioni. Joto letu linaua sungura, weka chupa ya maji yaliyoganda bandani.

Hatua ya 3: kadi
Piga picha matembele yale yale utakayotumia kumlishia sungura, steshenari ya mtaani watakuprintia na kupiga laminesheni. Kadi MOJA, hiyo ndo mtoto atakupa akitaka majani ya kumlisha sungura. Tableti sitaki kusikia, ukimpa tableti atakachotaka ni YouTube.

Hatua ya 4: kusubiri
Hapa ndo nilipoteza wiki mbili nzima. Kaa mkekani, sungura katikati, mtoto upande wa pili, kadi iko mbele yake, matembele umeyafumbata mkononi. Halafu nyamaza. Hesabu kumi kimoyomoyo. Mi nilikuwa nadhani nanyamaza, kumbe mama akanirekodi kwa simu, tukaangalia ile vidio, kila baada ya sekunde tatu nasema "haya, unataka nini? unataka majani? sema majani", na bibi yake kule kwenye kiti naye "mpe tu mwalimu, mtoto anahangaika". Yani mtoto ataongea saa ngapi?

Tukakubaliana bibi ahamie kibarazani na mi nibane mdomo. Mtoto atavuta vidole vyako, usifungue. Ataangalia mkono, ataangalia sungura, sungura naye akinusa mkono wako inasaidia sana. Akigusa kadi, mama aliyekaa NYUMA yake ndo anamsaidia kuichukua na kuiweka kwenye kiganja chako, bila kusema neno. Wewe hapo hapo sema "majani!" umpe, amlishe. Usichelewe hata kidogo na usimlazimishe akuangalie machoni. Msaada wa mama upungue siku hadi siku, ashike kiwiko tu, mwisho aache kabisa. Akilia au akiziba masikio, funga kazi siku hiyo, sio kila kilio ni deko. Na sungura akianza kupiga mguu chini ameogopa, mrudishe bandani, mi nina alama ya kucha mkononi kwa kudharau hilo. Kumbeba mtoto asimbebe, sungura akirusha miguu vibaya anaweza kuvunjika mgongo.

Hatua ya 5: kumaliza
Dakika kumi zinatosha, acheni akiwa bado anataka. Mikono kwa sabuni.

Wiki ya tano sungura yuko zake bandani, mtoto akachukua kadi kwenye meza ya TV, akampelekea bibi jikoni. Bibi akaacha sufuria ya maharage akaanza kukata matembele aliyonunua ya mboga. Jioni mama akanipigia, tukapiga picha kikombe cha chai, hiyo ndo kadi ya pili.