Ukienda kuangalia gesti ya kale ya mbao Uingereza, anzia chini

Watu wengi wakifika hizi gesti za kale za vijijini wanapiga picha zile mbao nyeusi na ukuta mweupe, wanaingia kunywa, wanasepa, yani nauli yote ile na hujaona kitu. Tuchukue George Inn, kijiji cha Norton St Philip, Somerset, kusini ya mji wa Bath. Zamani ilikuwa ya watawa wa Hinton Priory, na Samuel Pepys, yule Mwingereza maarufu kwa shajara yake, alipita hapo 1668 akala chakula cha shilingi 10 za Kiingereza.

Usiingie kwanza. Vuka barabara usimame ng'ambo uanze kuangalia kuanzia chini, utaona chini ni mawe, juu yake ghorofa mbili za mbao, na kila moja imetokeza mbele kuliko ya chini yake kama mtu anachungulia mtaani. Haianguki hiyo, ndo ilivyojengwa, boriti za sakafu zimepitilizwa nje ya ukuta makusudi.

Sasa sogea uangalie katikati ya mbao. Nyumba za aina hii kwa kawaida pale kati ni fito, udongo uliokandwa na majani makavu na samadi, juu chokaa. Ndiyo, nyumba ya kukandika! Bibi yako angecheka sana, tofauti mifupa tu, wao wametumia mwaloni, mti mgumu wa huko (oak).

Kwenye maungio usitafute misumari. Ncha ya mti mmoja imechongwa kama ulimi, imeingia kwenye tundu la mwenzake, kikapigwa kigingi cha mbao. Washa tochi ya simu uimulike kwa ubavu, sio usoni, unaweza kukuta namba za Kirumi zimekwaruzwa maana maseremala walikuwa wanaunga fremu chini kwanza, wanaipa namba, wanaifumua, ndo wanaenda kuisimamisha.

Weusi usikudanganye. Mwaloni ukiachwa unakuwa kijivu, nyumba nyingi zilipakwa nyeusi karne ya 19. Na sakafu ikikupeleka upande usilaumu bia, mbao zilijengewa mbichi zikaja kukaukia humo humo zikajipinda.

Mwisho kagua mbao za chini kabisa. Palipozibwa na saruji badala ya chokaa unyevu hautoki, mti unaoza kwa ndani huku nje panang'aa. Bonyeza kwa kidole gumba tu, kisu weka mfukoni, na vyumba vya juu uliza kaunta kwanza, kuna watu wamelala.